Uani nimepanda maua, nyumbani wanataka vyumba vya kupangisha

Tela_Mbili

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Nimeendesha malori miaka 22. Nilianza na Dar–Tunduma, ikaja Dar–Ndola, miaka ya mwisho ikawa Lubumbashi. Halafu mgongo ukagoma. Kiinua mgongo nikapewa, lakini hakikuinua kitu. Nikarudi Kibamba, Dar, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe na ambayo sikuwahi kulala humo siku kumi mfululizo.

Mtu wa barabara akikaa nyumbani, shida yake ni alfajiri. Saa kumi macho makavu, mwili unasubiri kuwasha injini, na nyumba nzima imelala. Nikawa natoka uani, nakaa juu ya mfuniko wa karo la maji machafu, naangalia ukuta. Wakati ule uani palikuwa na kamba ya nguo, tenki la maji, tairi mbili, kifusi cha ujenzi na matofali yaliyobaki. Hatua 11 kwa 7, nimepima kwa miguu.

Sasa kwa nini maua, na siyo kuku kama wastaafu wengine. Kuna mwaka foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, ilinishika Tunduma siku nane. Nililala gesti ya mama mmoja, na nyuma ya ile gesti, pale mnapopita na ndoo kwenda kuoga, alikuwa amepanga makopo ya rangi, makopo ya maziwa, sufuria zilizotoboka, hata kofia ya ujenzi. Yote yana maua. Siku ya tatu nikamuuliza, mama unauza bei gani? Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, "Hayo siuzi baba, hayo ni ya kuangalia."

Mimi nilikuwa sijawahi kusikia mtu ana kitu cha kuangalia. Kwetu mti ni wa kivuli, wa matunda, wa dawa au wa kuni. Siku tano zilizobaki nikawa naamka, nachukua kiti, nayaangalia. Madereva wenzangu walidhani nimepata msiba.

Kuanzia hapo kebini haikukosa kopo la mche. Utingo wangu akaniambia bosi sasa tumekuwa wauza miche. Nikifika nyumbani naliacha uani, mama watoto analimwagilia maji ya kuoshea mchele, nageuza naondoka. Nilipostaafu ndipo nikatoa kifusi na kuyapanga vizuri, nikagundua nina barabara nzima nyuma ya nyumba. Mchaichai ni wa Mikumi. Bogenvilia imetoka Makambako na sasa imepanda ukuta wote wa jirani (miiba yake imeshanichana fulana mbili). Asumini ni ya mama mkwe, Korogwe. Ruaha Mbuyuni, kule kwenye mibuyu na vitunguu, bibi mmoja aliniuzia kimmea chenye shina nene kama kiazi, maua ya waridi-waridi, kipo kwenye bakuli lililopasuka. Vijana wa vitalu wanakiita deseti rozi. Hicho kinapenda kiu kama ngamia.

Yaliyonishinda ni mawaridi ya Mafinga. Nimeleta mara tatu, mara tatu yamekufa. Mafinga mwezi wa sita unavaa koti mchana. Februari ya Kibamba hata mimi mwenyewe natamani kufa.

Basi, alfajiri natoka na chai ya mchaichai. Kwanza hauoni kitu, unasikia tu jogoo na muadhini, na matone ya bomba la tenki. Kisha ukuta unaanza kuwa na rangi, na bogenvilia inatokea pole pole, nyeusi, halafu zambarau, halafu ile yenyewe. Kama saa moja hivi anakuja chozi. Nasema ndege, siyo la kulia. Kadogo, mdomo wa kupinda, kifua kinang'aa kama mafuta yaliyomwagika kwenye lami. Ananing'inia kwenye ua la shubiri kichwa chini, ananyonya, anaondoka. Dakika moja tu. Nimewahi kusubiri siku tatu mzigo wa shaba na sikuchoka, lakini huyu akichelewa nusu saa nina wasiwasi.

Jioni ni zamu ya asumini. Hiyo haina haja ya macho.

Tatizo sasa. Mama watoto anataka tujenge vyumba viwili vya kupangisha hapo hapo uani. Na siwezi kumlaumu, amebeba hii nyumba miaka 22 mimi nikiwa njiani. Mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu. Hesabu yake ni sahihi, yangu haina hata tarakimu. Nauliza wenye umri na wenye busara: mtu wa kipato changu ana haki ya kuwa na hatua 77 za kuangalia tu?

Kijiko_cha_Mbao

Weka picha mkuu. Maua bila picha ni sawa na pilau ya kusimuliwa.

Mwenye_Nyumba_Saba

Mkuu umeandika vizuri mpaka nimesoma mara mbili, lakini nitakuambia ukweli. Vyumba viwili, weka hata 60,000 kila kimoja, mpangaji analipa miezi sita mbele. Unashika 720,000 siku ya kwanza. Asumini haijawahi kulipa ada ya shule.

Maua weka ndoo tatu barazani, utayaangalia hapo hapo. Mimi nilikuwa na mwembe uani, nimekata, sasa pana vyumba vinne na sijawahi kuota ule mwembe.

Bi_Kilua

Assalam alaykum jamani. Huyo anosema asumini hailipi, basi hajawahi kuoa Unguja.

Mwanangu Tela, kwetu sie maua si ya kuangalia peke yake. Uani kwa marehemu mama, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, palikuwa padogo kuliko hapo pako. Kisima, jiwe la kufulia, na pembeni asumini, mrehani, mlangilangi mmoja umekwenda juu kuliko paa. Alasiri tukitumwa kuchuma vitumba vya asumini vikiwa bado havijafunguka, kabla ya magharibi. Vikitungwa kwenye uzi, au vikafungwa kikuba (kishada cha kunukia) pamoja na mrehani na waridi, vinafungukia kichwani au kifuani mwa mtu usiku. Ukichuma asubuhi umechelewa, harufu imeshakwenda na upepo.

Bibi harusi kitanda chake hutandikwa asumini. Maiti naye hutiwa mrehani. Baina ya siku hizo mbili, watu wanapita uani kwako wanaomba, "Bi mkubwa nipe vijiti viwili." Hapo ndipo nilipojulia majirani zangu wote.

Asumini yako ikate. Ikishamaliza kutoa maua ikate bila huruma, inatoa matawi mapya na maua yako kwenye hayo mapya. Na usiitie samadi nyingi, itakupa majani kama mchicha na ua hulioni.

Tela_Mbili

Shikamoo Bi Kilua. Kumbe nilikuwa nachuma asubuhi miaka yote hii.

Mwenye_Nyumba_Saba, ndoo tatu barazani nimeelewa. Barazani pana wageni, pana televisheni, pana mtu anauliza luku ya umeme imebaki ngapi. Uani hakuna anayeniuliza kitu. Ndiyo tofauti yenyewe.

Nesi_wa_Zamu

Nafanya kazi ya usiku, narudi saa mbili asubuhi, na bustani yangu ndogo ndiyo inayonilaza. Kwa hiyo nipo upande wako kaka. Lakini nisipoandika hili nitakosa usingizi.

Makopo, sahani za chini ya vyungu, tairi. Kaka umesema tairi mbili! Yule mbu wa dengue anang'ata mchana, na anataga kwenye maji safi yaliyotulia, hata kifuniko cha soda kinamtosha. Dar tulimwona mwaka 2014, tukamwona tena 2019, na wodini wengine walikuwa watu wenye nyumba safi na maua mazuri. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku saba mpaka kumi kwenye joto letu. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mwaga maji yote na usugue sahani, maana mayai yanashika ukutani mwa chombo na yanavumilia ukavu. Tairi toboa au toa. Tenki lifunikwe.

Na hiyo deseti rozi utomvu wake ni sumu, zamani ulipakwa kwenye mishale. Ukikata shina nawa mikono, na wajukuu wakae mbali.

Kopo_la_Ghorofa_ya_Nne

Nasoma hii nikiwa Kayole, Nairobi. Mimi ni mpangaji, sina uani. Nina kile kibaraza cha kuanika nguo, upana wa milango miwili.

Nilikuwa na mikebe kumi na mmoja: dania, sukuma wiki kidogo, na waridi jekundu moja ambalo hapa kwa baridi yetu halisumbui (pole kwa yale ya Mafinga mzee). Siku moja keateka, msimamizi wa jengo, akaja, ati mikebe itolewe, maji yanachuruzika kwa nguo za jirani wa chini. Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikashuka nikaona shati lake la kanisani lina ramani ya matope, nikanyamaza.

Sasa niko na mikebe minne, kila mmoja na sahani. Na Nesi amenifanya niinuke kitini kwenda kuzimwaga.

Nataka tu kusema mzee, wewe unauliza kama una haki ya hatua 77. Mimi nikirudi kazini saa mbili usiku nimesimama kwa matatu kutoka mjini, sipiti hata jikoni. Napitia kwa mikebe. Nagusa udongo kuona kama umekauka. Ni dakika mbili. Hizo dakika mbili hakuna mtu aliyenitumia meseji.

Mwenye_Nyumba_Saba

Dania inaliwa. Huyo angalau ana hesabu.

Msambaa_wa_Mbali

Mimi ni mtu wa Soni, Lushoto, niko Hamburg mwaka wa 14. Mwenye Nyumba Saba, njoo huku, serikali itakuunga mkono.

Wajerumani wana bustani za kukodi pembezoni mwa miji. Unajiunga na chama, unapewa kipande kisichozidi mita za mraba 400. Unaruhusiwa kibanda, lakini kisizidi mita za mraba 24 na usihamie humo. Na kuna kanuni kwamba theluthi moja lazima iwe matunda na mboga. Ukipanda maua matupu wazee wa chama wanakuja na karatasi. Jumapili huwashi mashine ya kukata majani, ni siku ya utulivu. Kusubiri zamu mjini kunachukua miaka. Mimi nimepata, nina viazi mviringo, maharage, mti wa tofaa niliourithi, na benchi.

Lakini nilichotaka kusimulia ni hiki. Mwezi wangu wa kwanza huku, Januari, saa kumi alasiri giza linaingia, nikaingia dukani kununua mkate. Kando ya mlango pamepangwa vyungu vidogo vya maua ya zambarau, majani yana manyoya laini. Nasoma kibandiko: *Usambaraveilchen*. Usambara! Nilisimama pale na mkate mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

Baadaye nikasoma habari zake. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta maua hayo Usambara akayapeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hanover, akayapa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa ukoo wa yule afisa. Leo yako kwenye madirisha ya mabibi wa Ulaya nzima. Porini kwetu yanaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ndani ya msitu, na mengine yamebaki sehemu chache sana kwa sababu msitu unakatwa.

Nilinunua vyungu viwili. Mama nilipomwambia kwa simu nimelipa pesa kwa ua la kutoka milimani kwetu, alicheka mpaka akakata simu.

Tela_Mbili

Msambaa, mama watoto ni wa Korogwe. Nimemsomea bandiko lako kwa sauti. Anasema hajawahi kuliona, na anauliza kama Kibamba litakubali.

Msambaa_wa_Mbali

Ndani ya nyumba, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, unaweza kulijaribu. Juani litaungua siku hiyo hiyo. Na maji mtie chini kwenye udongo, majani yakilowa maji baridi yanapata madoa. Kuzalisha ni rahisi: jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, subiri.

Babu_Mboji

Nimepita kimya kimya lakini huyu bwana wa mawaridi ameniuma. Siyo joto peke yake. Unamwagilia maji gani? Kama ni kisima cha kuchimba na maji yana chumvi, utaona ncha za majani zinaungua kahawia kwanza, halafu mmea unakonda kama mgonjwa. Bogenvilia na deseti rozi vinavumilia, waridi halivumilii. Kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye mfuniko (Nesi usinipige), hayo yawe ya waridi na asumini.

Udongo wa Kibamba sehemu nyingi ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio. Mboji ndiyo dawa. Maganda ya ndizi, ya viazi, majani makavu, samadi ya mbuzi iliyokaa. Mbolea ya kuku mbichi inaunguza, iache miezi. Ugali na mabaki ya wali usitie, utafuga panya. Kwa joto la Pwani, ukigeuza kila wiki, miezi miwili mitatu mboji imeiva, inanuka kama msitu baada ya mvua. Mimi nina miaka 71 na ile harufu nikifunua gunia bado inanifanya nitabasamu peke yangu. Mke wangu alishazoea.

Kijiko_cha_Mbao

Picha mpaka leo hakuna.

Tela_Mbili

Picha nimejaribu. Simu inaonyesha ukuta, kamba ya nguo na vitu vya kijani. Chozi anatoka kama uchafu kwenye kioo. Nimeacha.

Naomba niseme kitu kuhusu utulivu, maana watu inboksi wanadhani naishi peponi. Nyuma ya ukuta wa pili kuna baa. Ijumaa na Jumamosi spika zinaanza saa kumi na mbili jioni, mabati yanatetemeka. Kunguru nao wananiibia sabuni ya kufulia, sijui wanaipeleka wapi. Wasomi wanasema walitoka India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka, kazi ambayo naona wameiacha. Kwa hiyo kimya sina. Lakini juzi muziki ukiwa juu kabisa, asumini imefunguka, mama watoto alitoka kuanua nguo, akasimama. Hakusema kitu. Nguo zimo mkononi, amesimama tu, kama dakika mbili. Kisha akasema, "Tofali zinakuja Jumatano," akaingia ndani.

Na kweli Jumatano zilikuja. Mia nne.

Bi_Kilua

Mwanangu, huyo mkeo asikilizwe. Mwanamke akisimama na nguo mkononi anapiga hesabu mbili kwa pamoja. Muulize anataka chumba kikae wapi, usimuulize kama anataka maua.

Na kama asumini iko upande wa ujenzi, ihamishe masika hii, usingoje kiangazi. Kata matawi, ubakishe kama urefu wa goti. Chimba mbali na shina, utoe na udongo wake, uifunge gunia isimeguke. Shimo jipya liwe limeshachimbwa na limeshanywa maji kabla hujaing'oa. Ipeleke jioni. Itapukutisha majani, usihangaike.

Mwenye_Nyumba_Saba

Tofali 400 hazitoshi vyumba viwili mkuu, hata kimoja utaongeza. Fundi asikudanganye. Na acha mita moja kati ya ukuta wa chumba na karo, gari la kunyonya likija lipate pa kupitisha bomba. Hilo nimejifunza kwa hasara.

Tela_Mbili

Nimerudi. Mvua haijakata tangu wiki iliyopita, barabara ya kwetu imekuwa mto, kwa hiyo nina muda.

Tumekubaliana chumba kimoja, upande wa tenki. Kinakula hatua nne katika zile kumi na moja. Mwenye_Nyumba_Saba, fundi naye kasema kama ulivyosema wewe, tofali zimepungukiwa. Msingi tunachimba mwezi wa sita mvua zikitulia. Dirisha la mpangaji litatazama bogenvilia, mama watoto ndiye aliyeamua hivyo, anasema chumba chenye dirisha linalotazama ukuta mtupu kinakaa wazi.

Tairi nimezitoa. Sahani nimezitoboa zote.

Asumini nimeihamisha Jumamosi jioni kama Bi Kilua alivyoagiza, gunia na kila kitu, mwanangu wa kidato cha tatu amenisaidia kubeba maana mgongo ndio huo. Majani yote yamekwisha, imebaki vijiti. Jana nilikwangua gome kidogo kwa ukucha, ndani bado kijani.

Usiku vyura wa kwenye mtaro wanaanza saa mbili na hata baa imewashindwa.

Aliyeumia ni deseti rozi. Nilisahau kuiingiza chini ya bati, shina limeanza kuoza kwa chini. Nimekata sehemu yote iliyolainika mpaka nikafika penye nyama ngumu, nikanawa mikono mara tatu, nikaianika juu ya zile tofali, chini ya turubai, kidonda kikauke kabla sijaipanda tena kwenye mchanga. Leo siku ya tano. Mama watoto ameshauliza mara mbili ni kiazi cha nani kimewekwa juu ya chumba chake.